Waliokula Sakafu ya Trela

Nikianza kuwataja waliokula sakafu ya lile trela, lazima nianze na farasi, maana yeye ndiye aliyetangulia. Sikuwahi kumwona. Alikuwa farasi wa mzungu mwenye karakana ya mbao kule Muthangari, na mzungu huyo alikuwa akimpakia kwenye trela na kumpeleka mashindanoni. Farasi akisafirishwa anaogopa, akiogopa anakojoa, na mkojo wa farasi ukishamwagika juu ya bati la chuma hauendi popote. Unakaa palepale unafanya kazi. Uhuru ulipokuja mzungu akafunga virago, farasi akauzwa sijui kwa nani, karakana ikashikwa na aliyekuwa nyapara, na mkojo ukabaki ndani ya chuma ukitungoja sisi.

Naanza hivyo kwa sababu wenzangu wa ile karakana, wachache tuliobaki, wakikutana nami mpaka leo wanacheka na kusema mke wangu ndiye aliyeozesha trela. Wengi wao walishakufa. Wengine walitajirika, na hao pia huwaoni. Mimi bado nipo, mgongo umepinda lakini kichwa kiko sawasawa, na nataka kila mtu apewe lake.

Tulikuwa watu wa sakafu. Wazungu walipokuwa wakihama Lavington, wakubwa wetu wapya waliingia katika zile nyumba, na jambo la kwanza mkubwa mpya alilotaka ni kung'oa sakafu iliyokanyagwa na mzungu na kuwekewa nyingine ya vibao vidogo vilivyopangwa kama mkeka, ing'ae mpaka mgeni aone meno yake. Mafundi wetu karibu wote walikuwa watu wa kwetu, magharibi. Mimi sikuwa fundi. Darasa la tatu liliniacha nikiwa bado nimeketi, na pale karakana nilipewa kazi ya kutunza vyombo. Asubuhi napakia randa, patasi, misumeno, tupa na pima maji kwenye trela, trela linafungwa nyuma ya pikapu, tunaenda kazini. Jioni nateremsha, nafuta, nafungia stoo, ufunguo unalala kiunoni kwangu.

Kwa kuwa nilikuwa mtu wa ufunguo, nilipewa chumba ubavuni mwa stoo. Chumba cha mabati, lakini chumba. Wenzangu walilala kama viazi kule Kawangware na kuwaona wake zao Krismasi. Mimi mke wangu nilimtoa nyumbani na mtoto mgongoni, tukakaa pamoja mjini kama watu wa ofisini. Ndiyo maana nilitii mambo mengi ambayo mtu mwenye akili hatii. Kile chumba kikienda, mke anarudi nyumbani kwa mama yangu, na mke wangu na mama yangu walikuwa kama paka wawili ndani ya gunia.

Tajiri wetu, yule aliyekuwa nyapara, alilijua hilo vizuri. Alikuwa mtu mnene mwenye koti la suti hata wakati wa jua, na tangu ashike karakana hakutaka mtu amkumbushe alikotoka. Siku moja tulifika Lavington, nikafungua trela, nikakuta randa kubwa imepasuka mdomo na kioo cha pima maji kimevunjika, maji yake yamekauka. Chuma kitupu juu ya barabara yenye mashimo, vyombo vinacheza humo kama mahindi kwenye sufuria. Tajiri akaokota kipande cha kioo akakitazama.

"Unaona hii?" akaniuliza. "Chombo kingine kivunjike, ama hii trela itoboke, ile chumba nitaweka mbao. Mbao haipiki, haizai, haiombi siku ya kupumzika."

"Lakini, mzee, sakafu yenyewe imeanza kutu. Tukipata rangi ya chuma, tuweke na mbao juu yake..."

"Mbao ni za kuuza," akasema.

Sasa hapo ndipo shida ilipo, na sikuielewa mpaka nilipozeeka kidogo. Chuma kinataka kukaa kikavu. Vyombo vinataka kulalia kitu laini. Na kila kitu laini duniani kinakunywa maji. Mtu akikuamuru ufanye yote mawili na hatoi hata mkebe wa rangi, ujue anatafuta wa kulaumu.

Kwanza alileta magunia mwenyewe. Alijisifu kabisa. Mke wake alikuwa na duka, na yale magunia yalikuwa mazito, mazuri, ukiyakunja mara mbili ni godoro. Nikayatandika. Vyombo vikanyamaza. Baada ya mvua chache nikainua gunia ili nifagie, na bati likainuka pamoja nalo, ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, kama ukoko wa uji. Nikalamba kidole changu. Yalikuwa magunia ya chumvi. Farasi alianza, tajiri akatia chumvi, sasa sijui mke wangu anaingilia wapi katika hesabu hiyo.

Nilipomwambia tajiri, alisema chumvi haiwezi kula chuma, kwa sababu nyumbani kwake kuna kijiko cha chumvi na hakijaisha. Lakini magunia aliyatoa. Akaamuru tumwage oili chafu ya pikapu, tuchanganye na unga wa msumeno, maana huo tulikuwa nao milima na milima. Na hapa lazima niseme kweli hata kama inaniuma: ilikuwa dawa nzuri. Kutu ilisimama. Vyombo vililala kama mtoto aliyeshiba. Kama tungeachwa na oili yetu, lile trela lingekuwa linatembea hadi leo.

Aliyetuponza ni mama mmoja wa Lavington. Mafundi walichukua vyombo vyao kwenye oili, wakaingia nyumbani kwake, wakaegemea ukuta kidogo wakisubiri chai. Mama huyo alipiga magoti kwenye ukumbi wake akatazama alama za viganja kwenye rangi nyeupe, moja baada ya nyingine, kama anayesoma majina ya waliofaulu mtihani. Zulia lake la rangi ya maziwa lilikuwa na nyayo zilizokwenda mpaka jikoni, zikasimama kwenye dirisha, zikarudi.

"Nani huyu alienda dirishani?" akauliza.

Mafundi wakaficha viganja mgongoni.

"Alikuwa anaangalia nini?"

"Maua, mama," fundi mmoja akasema.

Tukafukuzwa. Oili ikapigwa marufuku. Nilikwangua lile trela kwa jembe na mchanga siku nzima, likabaki jekundu na tupu, na tajiri akasimama mlangoni pa stoo akipima chumba changu kwa macho, hivi na hivi, kama mtu anayepanga mbao.

Jioni hiyo mke wangu alitoka nje na mtoto mgongoni akanikuta nimeketi ndani ya trela, miguu inaning'inia. Akatazama sakafu.

"Si hii ni sakafu tu?" akasema.

"Ni trela."

"Nakuuliza pale chini. Pale chini ni sakafu?"

"Ni sakafu."

"Sasa sakafu mnaifikiria miezi hii yote, wanaume wazima, kazi yenu ni sakafu. Kwa mama yako sakafu inafanywa nini?"

Nilijua anachotaka kusema na nikakataa. Nilimwambia gari si nyumba. Nilimwambia tuko mjini, kuna lami na taa za barabarani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ng'ombe wa karibu wako wapi.

Walikuwa Kangemi, kwa baba yake dereva. Dereva wetu alikuwa mtu wa hukohuko pembezoni, shamba la kwao lilikuwa na kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa, na alituona sisi watu wa magharibi kama watu tuliokuja mjini kuazima kila kitu. Nilipomwambia ninachotaka alizima pikapu ili asikie vizuri.

"Mavi," akasema.

"Ya ng'ombe. Na ukiweza, mabichi."

"Ya kupaka kwa trela."

"Ndiyo."

"Wewe, ng'ombe ya baba yangu ni ya gredi, damu ya kizungu. Haiwezi kukubali hiyo maneno." Lakini Jumamosi alileta karai mbili, amefunika kwa majani ya mgomba kama harusi.

Kazi ya kusiriba kwetu ni ya wanawake. Mwanamume akionekana ameshika mavi na jivu anatafutiwa dawa. Kwa hiyo mke wangu alipanda mwenyewe, akakunja leso, akachanganya na jivu na udongo kidogo, akaanza kule mbele akirudi nyuma, mkono unakwenda kama upinde, upinde juu ya upinde, mpaka akafika ukingoni akashuka. Ilipokauka ilikuwa laini, ya rangi ya kijani iliyofifia, na ile michoro ya vidole imetandaa mwanzo hadi mwisho kama mawimbi. Sijaona trela zuri namna ile, na nimeona matrela mengi.

Jumatatu mafundi walikuja kupanda. Wa kwanza aliweka mguu, akatazama chini, akautoa. Akakaa kwenye ukingo akavua viatu. Wa pili akavua. Wote wakavua. Mtu aliyelelewa kwenye sakafu kama ile hapandi na viatu juu ya mkono wa mwanamke, atakumbuka fimbo. Dereva alikuwa akitazama kwenye kioo chake.

"Mnaingia msikiti?" akauliza.

"Tunaingia kwa shemeji," wakamjibu.

Ilianza kama mzaha. Siku chache baadaye fundi akitaka patasi alisimama nyuma ya trela akasema, "Hodi." Mwingine aliyekuwa ndani akajibu, "Karibu." Kama hakuna mtu ndani, alingoja. Kweli kabisa, nimeona mtu mzima na masharubu amesimama katikati ya bustani ya watu kule Lavington, viatu mkononi, akingoja trela tupu limkaribishe. Mimi ndiye niliyelazimika kwenda kuitikia.

Lakini hakuna chombo kilichovunjika tena. Pima maji mpya ilikwenda na kurudi bila ufa. Randa zililala kwenye ile sakafu zikajichimbia vitanda vyao, kila moja na mahali pake, ukiikosea inakukatalia. Tulipita barabarani bila kelele, mpaka walinzi wa mageti, waliozoea kutusikia tangu kona ya mbali, walikuwa wanashtuka.

Tajiri alikuja kukagua. Nilisimama kando nikijiambia basi, leo ni leo. Akaweka mkono juu ya ile sakafu. Akabonyeza. Akainama akavuta pumzi kwa pua, halafu akabaki hapohapo ameinama muda ambao haukuwa wa ukaguzi tena.

"Hii ni kitu gani?" akauliza hatimaye, bila kunitazama.

"Ni mchanganyiko, mzee."

"Mchanganyiko wa nini?"

"Wa kienyeji."

"Mimi siujui," akasema haraka. Akafuta mkono kwa kitambaa. "Lakini ni mzuri."

Alikuwa anaujua kama ninavyoujua mimi. Mtu huyu alitambaa juu ya mavi ya ng'ombe kabla ya kujua kusimama, na kama angefungua mdomo siku ile akasema, "Jamani, hii inashika maji, ipakieni lami chini kwanza," tungeokoka. Hakusema, kwa sababu angeulizwa amejulia wapi. Namweka kwenye orodha mara ya pili.

Mke wangu alisiriba kila Jumamosi, kama inavyopasa. Sakafu ikipasuka unaisiriba, haitolewi, inaongezwa. Kwa hiyo ilikua. Ilipanda kidogo kidogo, hamna aliyeona, mpaka siku moja dereva akasema zamani vyombo vilikuwa ndani ya trela na sasa vimekaa juu yake kama mitungi kwenye rafu. Nikavifunga kamba.

Dereva mwenyewe asifikiri nimemsahau. Pale karakana kulikuwa na kibanda kimoja chenye paa, na mzungu alikuwa akiweka humo trela. Dereva akaweka pikapu, kwa sababu pikapu ndiyo iliyokuwa na kioo na redio, na msichana fulani wa Westlands aliipenda ikiwa haina matope. Trela likalala nje. Mvua kubwa zilipoanza, ile sakafu ilikunywa maji usiku na kutoa mvuke mchana. Nikimwambia dereva abadilishe, ananijibu, "Nyumba ya shemeji haina paa? Mwambie mume wake aezeke."

Halafu ikaota.

Ng'ombe wa gredi wanakula majani, na majani yana mbegu, na mbegu ikipita kwa ng'ombe inatoka na mbolea yake kabisa. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza: kijani kidogo kwenye pembe, kisha pembe ya pili, kisha terere halisi, ile mboga ya jamii ya mchicha, majani mapana, imesimama. Nilitaka kung'oa. Akanizuia, akasema mizizi inashika sakafu isipasuke, na tena mboga ni mboga. Tulikula jioni ile na ugali. Ilikuwa tamu, na nilipotafuna nilikuwa najiuliza kama kuna sheria.

Mafundi walipojua walidai sehemu yao.

"Hiyo ni mboga ya kazi," wakasema. "Imeota katika chombo cha kazi, inalala kwenye nafasi ya vyombo."

Mke wangu akawagawia kwa zamu. Wakavuna kwa adabu, baada ya hodi.

Wiki ya kuelekea Pasaka tulikuwa na kazi mbili. Moja Lavington, kwa mkubwa mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake Jumatatu ya Pasaka: ukumbi wake ulikuwa umepangwa vibao nusu, nusu nyingine udongo. Ya pili ilikuwa ofisi juu ya ghorofa katikati ya mji, vibao vichache tu vya kumalizia. Alhamisi tulikwenda mjini. Tajiri alitangulia na gari lake ili asalimiane na wenye ofisi. Dereva akaegesha pikapu na trela kando ya barabara, mbele ya maduka ya viatu, na askari wa mji akaja.

Akalizunguka trela. Akasimama upande wa terere, ambayo wakati huo ilikuwa imefika magotini.

"Hii ni gari ama shamba?" akauliza.

"Trela, afande," dereva akasema.

"Kulima ndani ya mji hakuna ruhusa."

"Hatukulima. Imejiotea."

"Nani alipanda?"

Dereva akafikiri. "Ng'ombe."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Kangemi."

"Na mwenye ng'ombe?"

"Ni baba yangu, lakini hajui."

Watu wa ofisini wakaanza kusimama, wenye tai na mafaili. Mafundi nao walikuwa wamekaa ukingoni wakivaa viatu, na askari akawauliza kwa nini walikuwa wamevua. Wakasema ni kwa heshima. Akauliza heshima ya nani. Wakanyoosha mkono kwangu, wakasema ya mke wa huyu. Askari akanitazama, akatazama ndani ya trela kumtafuta mke, akakuta misumeno.

Nilimwona anachoka, lakini mbele ya wenye tai hakuweza kuacha hivihivi. Akasema sharti tujue udongo unakwenda chini kiasi gani. Ukiwa juujuu tu ni uchafu, na uchafu unafagiwa. Ukiwa na kina ni shamba, na shamba linapelekwa kwa wakubwa. Akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akaidunga kwenye sakafu ya mke wangu.

Fimbo ikaingia. Ikaendelea kuingia. Tukasikia inagonga lami chini.

Hapo ndipo tajiri alipotokea mlangoni pa jengo na mwenye ofisi, wakicheka kwa sauti ya watu waliokubaliana. Alituona tumezunguka trela, na askari ameinama akivuta fimbo ambayo haikutaka kutoka. Dereva akaingia uvunguni akaisukuma kutoka chini. Ilipotoka ilitoka na tonge la mavi na kipande cha kitu chekundu, kama biskuti, na askari hakukumbuka shamba tena. Alianza kupangusa fimbo yake kwa terere na kuuliza nani ataisafisha.

Tajiri akachungulia kwenye tundu akaona barabara ya mji. Akaingiza kidole akavunja ukingo wake. Akavunja tena. Chuma hakikuwepo. Alivunja mpaka mkono ukapita, na kila alipogusa ilikuwa vilevile: kutu inayopukutika, na juu yake sakafu ya mke wangu, imefumwa na mizizi, imara kama ukuta.

"Sasa tangu lini," akasema polepole, "vyombo vyangu vinabebwa na mavi?"

Mwenye ofisi akarudi ndani.

Vyombo vizito vikahamishiwa pikapu, vyepesi vikabaki, na mimi nikaamriwa nitembee nyuma ya trela ili kikidondoka chombo nikiokote. Nilitembea kutoka katikati ya mji, nikapanda mlima, nikapita Westlands, mpaka Muthangari, macho chini, kama anayesindikiza maiti. Hakikudondoka hata kimoja. Ile sakafu haikuwa na chuma chini yake, ina tundu la fimbo katikati, na bado ilibeba.

Uani, tajiri hakupoteza maneno. "Toa vitu vyako kwa chumba. Ufunguo lete."

Nilimpa. Mke wangu alisikia, akaingia ndani akaanza kukunja godoro. Hakulia wala hakuniuliza. Hilo liliniumiza kuliko tajiri, maana nilijua ameshaanza kumwona mama yangu mlangoni.

Tajiri akamtuma dereva atafute fundi wa kuchomelea vyuma aweke bati jipya. Dereva akazunguka, akarudi peke yake. Wote walikuwa wameondoka kwenda makwao kwa Pasaka. Pikapu peke yake haikutosha mashine ya kupigia sakafu msasa na vyombo vyote na vibao. Na kule Lavington mkubwa alikuwa na binti atakayevaa gauni refu na ukumbi wenye nusu udongo. Tajiri aliketi juu ya rundo la mbao zake, koti limemkaba. Sasa na yeye alikuwa na kitu cha kupoteza. Ukimwaibisha mkubwa wa namna ile, huwekewi tena sakafu Lavington.

Mke wangu alitoka na godoro kichwani. Akapita trela, akasimama, akatazama lile tundu.

"Mzee," akasema, "kwenu ukuta wa nyumba unashikwa na nini?"

Tajiri akatazama chini. Mafundi wote wakatazama kando, kumpa nafasi.

"Fito," akasema, sauti ndogo.

"Basi."

Akaweka godoro chini. Uani mlikuwa na vipande vya mbao virefu vilivyokatwa pembeni, vya kuchomea moto, hivyo ndivyo vikawa fito. Nondo tatu zikalazwa kutoka ubavu hadi ubavu, fito zikapangwa juu. Mafundi wetu wa sakafu za wakubwa walizifunga kamba, zikalegea. Walifunga tena, zikalegea. Tajiri akavumilia mpaka akashindwa. Akavua koti, akaning'iniza mlangoni pa stoo, akapanda, akavua viatu, akafunga yeye. Alifunga kama alivyofundishwa na baba yake, kamba inavuka, inarudi chini, inakazwa kwa meno. Kisha mke wangu akaja na udongo na mavi, na tajiri akamsogelezea karai kwa mkono wake.

Ijumaa Kuu trela lilikwenda Lavington na ukuta wa nyumba umelazwa ndani yake. Ukumbi ukaisha, binti akaolewa.

Jumanne tajiri alikuja na koti lake. Alisimama mlangoni petu, maana tangu fito zifungwe hakuna aliyetukumbusha kuhama, akasema, "Hodi," jambo ambalo hakuwahi kufanya. Nikatoka. Akanipita akamkabidhi mke wangu ufunguo.

"Mama abaki na chumba," akasema. "Trela ni yake. Wewe kazi yako imekwisha."

"Na huyu nimpeleke wapi?" mke wangu akauliza.

"Akae. Si ni mume wako?"

"Mume anayekaa tu anakula sana. Mpe kazi ya kuniletea mavi."

Tajiri akanitazama kutoka juu mpaka chini, akakubali.

Hivyo ndivyo tulivyobaki mjini. Sikusoma, lakini najua aliyeniangusha: farasi, halafu tajiri mara mbili, halafu mama wa zulia, halafu dereva. Mke wangu sijampa mahali bado. Jumamosi ya kwanza nilisukuma wilbaro kutoka Kangemi, jua kali, dereva amekaa kwenye ua wa baba yake akinicheka. Nilipofika, mke wangu aliingiza kidole, akasugua kati ya vidole viwili, akanusa.

"Hii ni ya juzi," akasema. "Imekauka katikati. Rudisha."

Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani.

"Kama ni mume wangu," akasema, "aingie ndani, chakula kiko tayari. Kama ni mtu wa mavi, arudi Kangemi kabla ng'ombe hawajakamuliwa."

Nilikuwa na njaa. Nilisimama pale kidogo nikifikiri ni yupi kati ya hao wawili aliye na haki zaidi ya kukaa katika kile chumba, kisha nikageuza wilbaro.